Mume, Usidhani Umechukiwa

Kusi inavuma hapa Ras Kitau, nyumba ina baridi, lakini mkeo anatupa shuka, amelowa jasho. Mpelekeni damu ipimwe malaria kwanza. Isipoonekana, naye yuko kati ya miaka 45 na 55 na hedhi inarukaruka, huenda homoni ya estrojeni imepungua. Usingizi hukatika, hasira huja upesi. Ukeni hukauka, tendo la ndoa likamuuma, naye akawa anakukwepa. Hajakuchoka, anaumia! Muulize kwa upole. Daktari anazo dawa.

Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, bila mimba wala kunyonyesha, vukeni hadi hospitali ya King Fahd, Lamu. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, msingoje hata wiki.