SOMO LA ROBO MWAKA: Kura za Kielektroniki, Zimethibitishwa kwa Masharti Gani?



Vyama vya ushirika, SACCOS, vyama vya kitaaluma na hata taasisi za dini huweza kuletewa mifumo ya kupiga kura kwa simu au kompyuta. Muuzaji husema: "Mfumo huu ni salama, umethibitishwa kihisabati." Somo hili linaeleza maana ya maneno hayo, mipaka yake, na maswali ambayo mwanakamati au mfadhili anapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini kura ni ngumu kuliko fedha

Mhazini anapopokea mchango huandika stakabadhi yenye jina na kiasi. Ikitokea hitilafu, stakabadhi hulinganishwa na daftari. Kura haiwezi kuwa na stakabadhi ya namna hiyo. Mtu anayeweza kuonyesha alimpigia nani anaweza pia kuuza kura yake, au kulazimishwa na mwajiri wake. Hivyo basi tunataka mambo mawili yanayovutana: asijue mtu yeyote nani alimchagua nani, na wakati huohuo kila mtu aweze kukagua kwamba hesabu ni sahihi.

Jinsi inavyofanyika

Utaratibu wa hatua ambazo kompyuta hufuata ili kutimiza hayo huitwa itifaki. Kwa mifumo mingi huwa hivi:

1. Kura hufungwa kwa maandishi ya siri kwenye simu au kompyuta ya mpiga kura, kama karatasi ndani ya bahasha.
2. Kompyuta kadhaa, zinazosimamiwa na watu tofauti, hupokezana bahasha hizo. Kila moja huzichanganya na kuzibadilisha sura ili isijulikane ipi ilitoka kwa nani.
3. Kila kompyuta hutoa uthibitisho wa kihisabati kwamba haikuongeza, haikupunguza wala haikubadilisha kura hata moja, bila kufichua ilivyozichanganya.
4. Ufunguo wa kufungulia kura hugawanywa kwa wadhamini kadhaa, ili asiwepo anayeweza kufungua peke yake.

Wanahisabati wanapothibitisha usalama wa itifaki hawasemi, "Tumejaribu kuivunja tukashindwa." Wanaanza kwa kudhani kwamba yupo adui awezaye kuivunja. Kisha wanaonyesha kwamba adui huyo angeweza kutumiwa kutatua fumbo la hesabu ambalo wataalamu wamelihangaikia kwa miaka mingi bila kupata njia. Kwa hiyo kuivunja itifaki ni kugumu kama kulitatua fumbo hilo. Lakini angalia: hoja yote inaanza na neno "ikiwa". Ikiwa fumbo ni gumu kweli, ikiwa namba za mwanzo zilichaguliwa kwa haki, ikiwa programu inafanya kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Uthibitisho ni kweli kwa masharti yake tu.

Funzo kutoka Uswisi

Sheria za Uswisi zilidai mifumo ya kura za intaneti iwe na uthibitisho wa namna hiyo. Mwezi Februari 2019 Posta ya Uswisi iliweka wazi programu ya mfumo wake mpya, uliotengenezwa na kampuni ya Scytl ya Hispania, na kuwaalika watu wajaribu kuuvunja. Mwezi Machi watafiti Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague walitangaza kwamba wamepata kasoro katika ile hatua ya kuchanganya kura.

Uthibitisho wa hatua hiyo ulitegemea namba fulani ambazo asijue mtu uhusiano uliopo kati yake. Programu haikuwa na njia ya kuhakikisha hivyo. Aliyezichagua angeweza kubaki na siri hiyo, akabadilisha kura, kisha akatoa uthibitisho unaopita ukaguzi wote. Watafiti walitengeneza mifano kuonyesha kwamba inawezekana. Hakuna kura halisi zilizopigwa kwa mfumo huo mpya. Hata hivyo, mwezi huohuo ilionekana kasoro nyingine iliyogusa mfumo uliokuwa ukitumika, na Posta ikausimamisha. Baada ya kutengenezwa upya na kukaguliwa hadharani, majaribio yalirudi Juni 2023 katika majimbo matatu: Basel-Stadt, St. Gallen na Thurgau.

Tuone kilichookoa hali. Hesabu za karatasini hazikuwa na kosa hapo. Sharti lake moja ndilo halikutimizwa kwenye programu. Na kosa lilionekana kwa sababu watu wa nje waliruhusiwa kusoma.

Kufuli tatu

Wanachama wa VICOBA wanalijua sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Hakuna anayeweza kuiba peke yake. Lakini mmoja akipoteza ufunguo, kikao kinakwama. Mwaka 2025 chama cha kimataifa cha watafiti wa kriptografia, IACR, kilikutwa na jambo hilo. Kilitumia mfumo wa Helios, na wadhamini watatu wote walihitajika ili kufungua matokeo. Mmoja alipoteza sehemu yake ya ufunguo, matokeo hayakuweza kufunguliwa, na uchaguzi ukarudiwa kwa utaratibu ambao wadhamini wawili kati ya watatu wanatosha. Hapo hesabu haikuvunjwa. Ni binadamu aliyepoteza ufunguo.

Aidha, tusisahau mwananchi wa kawaida. Mwezi Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kwamba mashine za kura zilizotumika mwaka 2005 zilikwenda kinyume cha katiba, kwa sababu raia asiye mtaalamu hakuweza kukagua hatua muhimu za uchaguzi. Nchini Kenya, mwaka 2022, picha za fomu za matokeo ya urais kutoka vituoni ziliwekwa wazi kwenye intaneti, na mtu yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Kura zenyewe zilikuwa za karatasi.

Hivyo basi, neno "imethibitishwa" lisimalize mjadala kwenye kamati. Hapo ndipo maswali yanaanza.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nini hasa kimethibitishwa: siri ya kura, usahihi wa hesabu, au vyote viwili?
2. Masharti ya uthibitisho huo ni yapi, na nani amehakikisha kwamba programu inayatimiza?
3. Je, watu wasiolipwa na muuzaji wanaruhusiwa kusoma programu na kutangaza kasoro?
4. Nani watashika funguo, na mmoja akipoteza wake tutafanya nini?
5. Mwanachama asiyejua kompyuta ataridhikaje kwamba kura yake imehesabiwa? Kama hatuna jibu, je, karatasi na sanduku havitoshi?