Kijana wa Mfugaji Anapotaka Kuwa Askari wa Wanyamapori

Ndugu mfugaji, tuseme mwanao amemaliza kidato cha nne na anakuambia anataka kuwa askari wa wanyamapori. Huenda ukashtuka. Kwa wengi wetu wa Bunda na Butiama, askari huyo ni yule anayekamata ng'ombe wakivuka mpaka wa pori. Soma kwanza kazi hiyo inaanzia wapi, ndipo umjibu.

Kijana aliyekulia machungani hafiki chuoni mikono mitupu. Anatambua kwato za nyumbu na za ng'ombe, anajua maji yanakobaki kiangazi, na anatembea kutwa bila kulalamika. Wenzake wa mjini hulipa ada kufundishwa hayo. Anachokosa ni sheria, kuandika taarifa, kusoma ramani, huduma ya kwanza na matumizi ya silaha. Atajifunza pia kwata, maana siku hizi uhifadhi unaendeshwa kijeshi.

Chuo kilicho karibu nasi ni Pasiansi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1966. Hupokea waliofaulu kidato cha nne, wasichana pia. Mweka, karibu na Moshi, kina ngazi za juu zaidi. Kilifunguliwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Mwalimu, huyu wetu aliyezikwa Mwitongo, kutamka huko Arusha kwamba wanyamapori ni dhamana mikononi mwetu. Njia nyingine ni kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Vijiji vilivyo katika jumuiya ya hifadhi, kama Robanda kwenye jumuiya ya Ikona wilayani Serengeti, huchagua vijana wao, wakapewa mafunzo mafupi na kurudi kulinda eneo lao. Malipo si makubwa, lakini kijana anabaki karibu na zizi la baba yake.

Usiuze dume ili kumpa mtu anayekuahidi nafasi. Ada ya chuo hulipwa chuoni kwa risiti, na ajira ya serikali hainunuliwi.

Sasa jambo lenyewe zito. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kulisha mifugo ndani ya pori la akiba. Siku moja mwanao akiwa doria Ikorongo au Grumeti anaweza kukuta ng'ombe wa baba yake mdogo. Atafanya nini? Wazazi wengi hujisemea moyoni, "Atatufumbia macho." Akifumba atapoteza kazi, na ng'ombe watakamatwa na mwenzake kesho yake. Liongeeni hili kabla hajaondoka, baba zake wadogo wakiwepo. Msaada mnaoweza kumwomba kwa haki ni awaonyeshe vigingi vya mpaka vilipo, na aijue sheria vizuri kiasi cha kuwaambia mnadaiwa nini na hamdaiwi nini.

Wala usidhani mifugo na wanyamapori ni maadui tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1. Chanjo ya zizini iliwaokoa wanyama wa porini. Kinyume chake, mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mfugaji anayechanja mbwa wake tayari anafanya sehemu ya kazi hiyo.

Kijana anaweza kuanza wiki hii, kabla ya barua yoyote ya chuo. Mpe daftari na kalamu aende navyo machungani. Kila jioni aandike tarehe, mahali, wanyama aliowaona na idadi yao, nyayo zilikoelekea, na hali ya maji na majani. Taarifa ya doria haitofautiani sana na hiyo. Akikuta mzoga uliokufa ghafla, hasa unaotoka damu puani au mkunduni, asiuguse wala kuupasua, na asiruhusu mtu kuchukua nyama: huenda ni kimeta, kinachoua ng'ombe, swala na binadamu. Aandike ulipo, awazuie mbwa na mifugo kuusogelea, kisha akimbie kumwita afisa mifugo wa kata.