Darubini ya familia kando ya Lufira

Swali: Msomaji wa Mwadingusha, kando ya mto Lufira, anataka darubini ya kioo ambayo yeye na watoto wake wataitumia pamoja. Anunue ya milimita 150 au 200?

Jibu: Achukue ya 150, kwenye kitako cha Dobson. Kitako hicho, alichokieneza John Dobson huko San Francisco tangu miaka ya 1960, hakina mota wala miguu mitatu. Hata mtoto hulisukuma bomba kwa mkono hadi akione anachokitafuta. Kioo cha 200 hukusanya mwanga karibu mara 1.8 zaidi, lakini uzito wake huchosha, na darubini inayochosha hubaki chumbani.

Tangazo la kukuza mara 500 lisimshawishi. Kwa kioo cha 150, kikomo ni kama mara 300, tena hewa ikitulia. Bomba lenye urefu wa fokasi wa milimita 1200 na lenzi ya jicho ya milimita 10 hukuza mara 120, na pete za Zohali huonekana wazi.

Mahali penyewe ni hazina! Jioni za Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha, Omega Centauri hupanda juu sana. Ni kundi la nyota kama milioni 10, ambalo Paris halichomozi kabisa. Aende mbali na taa za bwawa la Mwadingusha, bomba likae nje nusu saa lipoe. Umande wa Ziwa Tshangalele ukikilowesha kioo, kikauke chenyewe bila kufutwa.

Jua lisielekezewe darubini kamwe bila kichujio maalumu mbele ya bomba.