Kibali Kwanza, Msingi Baadaye
Mwongozo wa kuomba ruhusa ya kuendeleza ardhi katika Kaunti za Meru na Embu

Hatimiliki inathibitisha kwamba shamba ni lako. Haikuruhusu kujenga lolote utakalo juu yake. Ruhusa hiyo hutolewa na serikali ya kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Nani anahitaji kibali?

Ni yeyote anayetaka kujenga, kugawa shamba kuwa ploti, kuunganisha ploti, au kubadilisha matumizi ya ardhi.

Tuseme una nusu ekari ya kahawa kando ya barabara ya Embu–Meru, karibu na Runyenjes, nawe unataka kuweka maduka chini na nyumba za kupangisha juu. Kwanza utaomba kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi biashara na makazi. Kisha utaomba kibali cha michoro ya jengo. Mpimaji akuonyeshe hifadhi ya barabara inaishia wapi, maana ukuta ukiingia humo utabomolewa hata kama michoro yako ni mizuri.

Andaa nini?

- Nakala ya hatimiliki na ya kitambulisho.
- Cheti kipya cha ofisi ya usajili wa ardhi kinachoonyesha mmiliki ni nani, na kama shamba lina mkopo au zuio.
- Ramani ya eneo inayoonyesha ploti yako na majirani.
- Michoro ya msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa.
- Ripoti ya mpangaji aliyesajiliwa, ikiwa unabadilisha matumizi.
- Risiti za kodi ya ardhi ya kaunti, pale inapotozwa.

Kama hati bado ina jina la babu aliyefariki, maliza kesi ya urithi kwanza. Kama uko sehemu za Igembe, Tigania na Mbeere ambako mashamba hayajapata hati, ofisi ya usuluhishi wa ardhi itakueleza hali ya nambari ya shamba lako. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, wanaweza kuwapatanisha ndugu kuhusu mpaka, lakini makubaliano yao hayachukui nafasi ya kibali.

Hatua kwa hatua

1. Fika ofisi ya mipango ya kaunti au manispaa kabla ya kulipa mchoraji. Uliza eneo lako limetengewa matumizi gani.
2. Wasilisha ombi na ulipe ada kwa njia rasmi. Dai risiti na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.
3. Utangazie umma mradi wako. Jirani ana haki ya kupinga, kwa mfano shimo la majitaka likiwa karibu na kisima chake.
4. Ofisi itaomba maoni ya idara husika, kama za maji, barabara, afya na mazingira. Miradi mingine huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Karibu na mito kama Kathita na Rupingazi, ukingo wa mto lazima uachwe wazi.
5. Subiri jibu la maandishi. Sheria inasema zikipita siku 60 bila jibu, ombi lihesabiwe kuwa limekubaliwa. Ndiyo maana muhuri wenye tarehe ni muhimu.
6. Ukipata kibali, sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla ya kuanza kazi.

Ombi likikataliwa

Una siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti. Usiporidhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Meru na Embu.

Ukijenga bila kibali

Faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kaunti pia yaweza kukuamuru urudishe ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yako.

Dalali akikuambia kibali “kitafuata baadaye”, usimpe fundi malipo ya kwanza. Nenda ofisini mwenyewe ukaulize.