Kinundu cha ngozi: weka wembe chini

Kinundu laini kinachoteleza chini ya kidole, hakiumi na kimekaa miaka bila kubadilika, mara nyingi ni uvimbe wa mafuta tu. Chenye kitundu cheusi katikati huwa ni kifuko. Usikikamue! Ule ute mzito wenye harufu utatoka, ganda litabaki ndani, na baada ya muda kitajaa tena. Daktari hudunga ganzi, hupasua kidogo, hukitoa na ganda lake, kisha unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kama makovu yako huvimba, sema mapema. Kovu laweza kuota likapita kinundu chenyewe, hasa kifuani, begani na sikioni.

Huku ziwani kuna mawili yasiyongojea: taya la mtoto linalovimba haraka, kwani saratani ya Burkitt inajulikana sana ukanda huu, na vinundu vya zambarau au vyeusi kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Nenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile watu wa Kisumu bado huiita "Russia". Kilichokatwa, omba kipelekwe maabara.