Usukani Wenye Kibawa

Ubaruku ni mji ulioko katika uwanda wa Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Wengi wa watu wake ni wakulima wa mpunga, na maji ya majaruba yao huletwa kwa mifereji. Bahari iko mbali nao. Na mtu wa huko atakaye kuona meli hana budi kwenda Dar es Salaam, au kupita Uyole na Tukuyu na kushuka Kyela mpaka Ziwa Nyasa. Lakini maji ya Usangu hayakai Usangu. Huingia katika mto Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia katika Rufiji, nayo Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kuelekea kisiwa cha Mafia, ambako majahazi hupita. Tena kanuni iongozayo majahazi yale baharini ndiyo ile ile ionekanayo katika mfereji wa mpunga.

1. Ubao katika maji

Mwanafunzi asimame katika mfereji mdogo, ambao maji yake hayapiti magoti, naye atumbukize ubao mwembamba akiushika kwa mkono mmoja. Ubao ukielekezwa sawasawa na mkondo, maji hupita pande zote mbili, wala mkono hausikii uzito. Akiugeuza kidogo, mara maji huupiga upande mmoja, nao husukumwa kando. Na kama mkono ni mlegevu, ubao humponyoka. Mkondo ukizidi kasi, msukumo nao huzidi. Maji yakisimama, msukumo hakuna.

Usukani wa chombo ni ubao kama huo, uliotungikwa kwa nyuma katika shetri. Chombo kiendapo, maji hupita kando ya usukani kama yapitavyo katika mfereji. Ncha ya nyuma ya usukani ikigeuzwa kuume, maji huupiga upande wa kuume na kuisukuma shetri kwenda kushoto. Na shetri ikienda kushoto, omo huelekea kuume. Basi usukani hauvuti omo, bali husukuma shetri. Jambo hili wengi hawalijui, hata watu waliokwisha kusafiri baharini.

2. Kutoka kasia hata kana

Zamani za kale vyombo vingi viliongozwa kwa makasia makubwa yaliyofungwa ubavuni karibu na shetri. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa ishirini na saba, imesimuliwa habari ya merikebu iliyomchukua Mtume Paulo kwenda Rumi, na sukani zake zilizofungwa kwa kamba. Baadaye watu waliona kwamba usukani mmoja uliotungikwa katikati ya shetri wafaa zaidi kuliko makasia mawili ya ubavuni.

Jahazi la pwani yetu ya Afrika ya Mashariki lina usukani wa namna hiyo. Umetungikwa nyuma ya fashini, na juu yake umetiwa mti mrefu uitwao kana. Nahodha hashiki usukani wenyewe, hushika kana. Kana ni nyenzo: ikiwa ndefu, mkono wa mtu mmoja waweza kushindana na maji mengi. Watu wa pwani husema, “Chombo hakiendi ila kwa nyenzo,” na neno hilo ni kweli kwa kushua chombo, na kweli pia kwa kukiongoza.

3. Taabu ya meli kubwa

Meli kubwa za siku hizi hazigeuzwi kwa mkono wa mtu. Mshika usukani hugeuza gurudumu dogo au kibonyezo, na mtambo wenye nguvu ulioko chini katika shetri ndio unaozungusha mhimili wa usukani. Hata hivyo mtambo hauwezi kuondoa taabu mbili.

Taabu ya kwanza ni ya mwendo. Meli ikiingia bandarini sharti ipunguze mwendo wake. Na mwendo ukipungua, maji yanayoupiga usukani hupungua nguvu, kama mkondo wa mfereji unapolegea. Basi usukani hudhoofika pale pale unapohitajiwa sana. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, tena una mapindo. Na katika mlango huo huo vivuko vyenye watu wengi hukata maji baina ya Magogoni na Kigamboni. Meli yenye shehena ya maelfu ya tani ikikosa kugeuka mahali kama hapo, haisimami upesi kama mkokoteni wa ng'ombe.

Taabu ya pili ni ya pembe. Mtu aweza kudhani kwamba usukani ukigeuzwa sana, meli nayo itageuka sana. Lakini sivyo. Usukani ukipita kiasi, maji hayaufuati tena upande wake wa nyuma, bali huachana nao na kufanya vizingia. Hapo usukani huizuia meli isiende mbele, wala haizidishi kugeuka. Kwa hiyo sukani za kawaida za meli kwa desturi hazigeuzwi kupita digrii 35.

Wakulima wa mpunga wanaijua sababu, ingawa hawakuisoma katika habari za meli. Mfereji ukichimbwa wenye kona kali, maji hupiga ukingo, huchafuka, na mwisho huubomoa. Mfereji ukipindwa polepole, maji hufuata pindo lake kwa utulivu. Maji hukubali kuongozwa kidogo kidogo, wala hayakubali kukatwa njia kwa ghafula.

4. Kibawa na nyenzo yake

Mafundi wa meli walitafuta namna ya kuupa usukani pindo kama la mfereji mzuri. Wakaukata usukani sehemu mbili. Sehemu kubwa ikabaki mbele, imeshikwa na mhimili wake. Na sehemu ndogo ikaunganishwa nyuma yake kwa bawaba, kama mlango unavyoungwa na mwimo. Sehemu hiyo ndogo katika somo hili itaitwa kibawa. Usukani ukigeuka, na kibawa kikigeuka zaidi kwa upande ule ule, vyote viwili hufanya umbo lililopinda kama kiganja cha mkono kilichokunjwa kidogo. Maji hufuata pindo hilo, hutupwa kando kwa nguvu kubwa zaidi, na shetri husukumwa vizuri hata kama mwendo wa meli ni mdogo.

Lakini nani atakigeuza kibawa? Kutia mtambo wa pili ndani ya usukani, chini ya maji, ni gharama na mashaka. Mafundi walipata njia iliyo rahisi zaidi. Juu ya kibawa hukazwa ufito wa chuma unaoelekea mbele. Ufito huo hupita katika tundu la pini iliyotiwa chini ya meli, baina ya mhimili wa usukani na bawaba ya kibawa. Pini hiyo haihami, maana imeshikwa na mwili wa meli. Huweza tu kuzunguka papo hapo, na ufito huteleza ndani yake. Basi mtambo ukizungusha usukani, bawaba huenda kando pamoja na usukani. Lakini ufito, kwa kuwa umeshikwa na pini, hauna budi kuendelea kuielekea pini, na kwa kufanya hivyo hukipinda kibawa. Mtambo ni mmoja, na kazi ni mbili.

Sababu ya kibawa kugeuka zaidi ya usukani ni hii. Watu wawili wakisimama wakimtazama ng'ombe apitaye mbele yao kwenye tuta la jaruba, mmoja akiwa karibu na tuta na mwingine mbali, ng'ombe akienda hatua kumi, yule aliye karibu hugeuza shingo yake zaidi kuliko mwenzake. Mhimili ni mtu aliye mbali, pini ni mtu aliye karibu, na bawaba ni ng'ombe. Bawaba ikienda kando kidogo, pembe yake kutoka kwenye mhimili ni ndogo, na pembe yake kutoka kwenye pini ni kubwa.

Sukani za namna hii hutumiwa hasa katika vyombo vifanyavyo kazi mahali pembamba, kama vile meli za kuvuta meli nyingine, meli za uvuvi, na meli za shehena zinazoingia bandari nyingi. Mojawapo ijulikanayo sana ni usukani wa Becker, ulioitwa hivyo kwa jina la mwanzilishi wake, Mjerumani.

5. Kufanya mfano wake

Mwanafunzi apate ubao mpana, uwe mfano wa sehemu ya chini ya shetri. Apige mstari ulionyoka katikati yake. Juu ya mstari apigilie msumari mrefu, ndio mhimili. Sentimita 10 nyuma yake, juu ya mstari ule ule, apigilie msumari mfupi, ndio pini. Kisha achonge fito mbili bapa. Ufito wa kwanza ni usukani, nao utobolewe matundu mawili yaliyoachana sentimita 20. Ufito wa pili uwe na urefu wa sentimita 32, utobolewe tundu moja katikati; na katika nusu yake moja ukatwe mwanya, kuanzia sentimita 9 kutoka tundu la katikati mpaka sentimita 15. Nusu yenye mwanya ni nyenzo. Nusu ya pili ni kibawa.

Ufito wa pili ulazwe kwanza, mwanya wake ukivikwa katika msumari mfupi. Na msumari huo usitokeze juu ya ufito. Ufito wa kwanza ulazwe juu yake, tundu lake moja livikwe katika msumari mrefu, na tundu la pili liunganishwe na tundu la katikati la ufito wa pili kwa msumari mdogo, pasipo kukazwa, ili igeuke. Hiyo ndiyo bawaba.

Sasa ageuze usukani na kupima pembe kutoka kwenye mstari. Usukani ukisimama katika digrii 10, kibawa kitakuwa karibu na digrii 20. Usukani katika digrii 20, kibawa ni karibu 38. Usukani katika digrii 30, kibawa ni karibu 54. Akihamisha pini karibu zaidi na bawaba, ataona kibawa kikizidi kupinda. Akiirudisha karibu na mhimili, kibawa kitapungua.

6. Kibawa cha namna nyingine

Mjerumani mwingine, Anton Flettner, aliyeishi miaka 1885 hata 1961, alifikiri kwa njia ya kinyume. Yeye alitia kibawa kidogo sana nyuma ya usukani, akakigeuza upande usio wa usukani. Kibawa kikigeuzwa kushoto, maji hukisukuma kuume, nacho huuvuta usukani wote kwenda kuume. Hivyo nguvu ndogo iliweza kugeuza usukani mkubwa, maana kazi ilifanywa na maji yenyewe. Kibawa cha namna hiyo kimetumika sana katika ndege, ambako hewa hufanya kazi ya maji. Vibawa hivi viwili visichanganywe: cha kwanza hufuata upande wa usukani na kuisaidia meli kugeuka, cha pili huenda kinyume na usukani na kumsaidia anayeugeuza.

7. Uangalizi wa vitu vidogo

Tarehe 16 Machi 1978 meli kubwa ya mafuta iitwayo Amoco Cadiz, yenye urefu uliopita mita 300, ilikuwa ikipita karibu na pwani ya Brittany, nchi ya Ufaransa, katika dhoruba. Mtambo wa usukani wake ukaharibika, mafuta yanayoutia nguvu yakavuja, na usukani ukawa hauongozeki tena. Injini ilikuwa nzima na mabaharia walikuwa kazini, lakini meli haikuwa na wa kuielekeza. Meli nyingine ilijaribu kuivuta isiweze. Usiku ule ilipanda miamba, ikavunjika, na zaidi ya tani 200,000 za mafuta zikamwagika baharini. Samaki na ndege wasiohesabika wakafa, na wavuvi wa pwani ile wakapata hasara kubwa.

Usukani wenye kibawa una sehemu zaidi ya usukani wa kawaida: bawaba, ufito, na pini. Kila moja hulika kwa kusuguana na kwa mchanga wa bandarini. Pini ikilika, kibawa hutikisika na kulegea. Kwa hiyo kila meli ipandishwapo gudini, mafundi huitazama pini hiyo, huipima, na kuibadilisha ikipungua. Mtume Yakobo katika waraka wake alitaja usukani kuwa mfano wa kitu kidogo kigeuzacho kikubwa. Na ndani ya usukani wenyewe mna kitu kidogo zaidi, ambacho abiria hakioni kamwe, nacho sharti kiangaliwe.

Maswali

1. Usukani ukigeuzwa kuume, shetri husukumwa upande gani? Kwa nini?
2. Kwa nini usukani hudhoofika meli inapoingia bandarini?
3. Mfereji wenye kona kali na usukani uliogeuzwa kupita kiasi vinafanana katika jambo gani?
4. Taja kazi ya bawaba, ya ufito na ya pini.
5. Kama pini ingewekwa mahali pa mhimili wenyewe, kibawa kingefanya nini? Jaribu kwa mfano ulioufanya.
6. Eleza tofauti ya kibawa cha Flettner na kibawa kilichoelezwa katika sehemu ya nne.
7. Andika methali iliyotajwa katika somo, ukaeleze maana yake kwa habari ya kazi moja ya shambani.