Mbegu ya Kitale na Mbegu ya Mtwapa

Mkulima wa Shimba Hills au Msambweni huuliza kwa nini mahindi ya chotara yaliyopata sifa bara hayamfai hapa pwani. Mbegu si mbovu. Sababu ni mahali ilipotengenezwa.

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za majani ya malisho. Mji huo huo ulikuwa na kituo cha utafiti cha serikali, ambako Bwana Michael Harrison alianza kuboresha mahindi mwaka 1955. Alikwenda mpaka Amerika kutafuta mbegu ngeni, na mahindi ya Ecuador yakachanganywa na ya Kitale. Mwaka 1964 ikatoka H611. Mtaalamu ana mbegu chache tu za majaribio. Kampuni ndiyo yenye wakulima wa kuzizidisha. Wakiwa jirani, shamba likiharibika mtaalamu hulitazama kwa macho yake, hangoji barua.

Lakini Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mbegu iliyochaguliwa kule imezoea baridi. Kwetu joto na magonjwa ya majani huishinda, na masika huisha kabla haijakomaa. Fedha ya mbegu imepotea. Kwa hiyo kazi ilifanywa upya Mtwapa: Coast Composite ilitoka 1974, Pwani 1 mwaka 1989, na Pwani 4 mwaka 1995. (Coast Composite si chotara, mkulima aweza kujiwekea mbegu kutoka mahindi yake mazuri. Hizo Pwani ni chotara, sharti zinunuliwe kila msimu.)

Hata Mtwapa iko kaskazini ya Mombasa, na wengi wetu huvuka Likoni kufika huko. Tena mchanga wa Diani si udongo wa Shimba Hills. Basi kikundi kitenge kipande cha shamba na kumwomba Afisa wa Kilimo alete jaribio hapo. Pandeni mbegu mbili bega kwa bega, siku moja, kwa mbolea sawa. Andikeni daftarini siku ya kupanda, siku ya kutoa mbelewele, na uzito wa mavuno ya kila upande. Mtaalamu akikuta daftari hilo ana kitu cha kufanyia kazi. Akikuta maneno matupu atarudi alikotoka.

Ombi lipelekwe mwezi wa Februari. Masika yakianza, maafisa wote wako mashambani.